Maji ya Jana

Lile bomba nililipigia debe mimi kuliko wote, sifichi. Manispaa ilileta mabomba, kiwanda cha mbolea kikajenga tangi, na sisi watengeneza tofu, ile jibini ya soya, tukatakiwa kutoa maji yetu machafu tu. Yangechachia tangini, gesi irudi majikoni mwetu, masalia yawe mbolea. Mto wetu ulikuwa unanuka hadi chakula hakipiti kooni. Nani angekataa?

Alikataa Tukiran, jirani yangu. Akasema ataendelea kumwaga mtoni. Nikamshtaki manispaa, na salamu nikamnyima.

Siku ya uzinduzi kiherehere kikanipanda. Ofisa alisema kila tone liende bombani, basi nami nikainua pipa la pembeni, nikamimina lote. Jamani! Yale yalikuwa maji machachu ya jana, ndiyo yanayogandisha maziwa ya soya ya leo. Huku kwetu Java tunayaita biang, yaani mama. Kila siku unabakiza kidogo kwa ajili ya kesho. Yangu yalianza na marehemu mama yangu, na kwa miaka arobaini hayakuwahi kukatika.

Tangi lilikuwa limeshaanzishwa kwa samadi, hivyo kesho yake gesi iliwaka buluu, safi kabisa, na maziwa yakagoma kuganda. Nilijaribu siki, nikapata uji mchungu. Nililia siku ile kama siku niliyomzika mama.

Wenzangu siku hizi hugandisha kwa unga wa dukani. Mwenye biang alibaki mmoja tu. Nikachukua ndoo, nikaenda.

Ukutani kwa Tukiran palikuwa na ilani ya manispaa: jiko kufungwa Ijumaa, kwa malalamiko ya jirani. Nilipita hapo nimeinamisha uso. Nilitegemea kejeli, lakini aliichukua ndoo, akaijaza.

"Hii ni ya mama yako," alisema. "Alinipa mwaka ule yangu ilipoharibika."

Nikamuuliza kwa nini alilikataa bomba.

"Mlisema kila tone, dada. Kwenye kile kikao cha bomba nikauliza la kesho litatoka wapi, mkanicheka."

Aliyecheka zaidi kikaoni nilikuwa mimi.

"Aliyekushtaki ni mimi, kaka," nikamwambia.

"Najua. Funika ndoo, nzi wengi."

Asubuhi nilifika manispaa kabla mlango haujafunguliwa, kuwataka waiondoe ile ilani na waandike upya kanuni ya bomba: kila tone, isipokuwa ndoo moja.