Jeupe la Viti Saba, Jeusi la Viti Tisa

Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, mpima macho alisimama kwenye uwanja wa magari akalipiga teke tairi la mbele la gari jeupe, kama wafanyavyo watu wote wasiojua magari. Tairi halikusema kitu. Akazunguka, akalipiga teke na la nyuma, lisije likajiona limebaguliwa. Kando walimsubiri mke wake, watoto wao wanne, mama mkwe, na dada yake mkubwa, ambaye nyumba nzima, jirani na muuza maziwa walimwita Shangazi. Pamoja naye mwenyewe, watu wanane.

Gari lao la zamani lilikuwa limekata roho wiki mbili nyuma, katikati ya barabara, mbele ya kadamnasi. Sasa walitaka gari kubwa la familia, la juu, lenye safu tatu na viti vinane. Uwanjani yalikuwapo mawili ya namna hiyo, jeupe na jeusi, yametoka viwanda viwili vilivyokuwa vikigombea wateja wale wale tangu enzi za babu zao. Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba gari la familia halijaribiwi na mtu mmoja. Mteja alipewa moja leo na jingine kesho, atembee na watu wake wote, kisha Jumatatu achague.

"Gari si suruali, bosi," alisema muuzaji, mtu mfupi mwenye fungu la funguo kiunoni, aliyekuwa akisikika kabla hajaonekana. "Suruali unavaa peke yako."

Mpima macho alikuwa mgonjwa wa kuchagua. Kutwa nzima kazini aliwabadilishia watu lenzi mbele ya macho na kuwauliza, "Ya kwanza au ya pili? Ipi inaonekana vizuri?" Nao walijibu papo hapo, hata wale wasioona mbele wala nyuma. Yeye mwenyewe aliwahi kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu dukani walikuwa na soksi za rangi mbili.

Akakaa kwenye usukani wa jeupe. Mke wake akakaa pembeni yake. Safu ya kati wakapanda mapacha na kitindamimba. Nyuma akapanda binti mkubwa, aliyeitwa Wakili kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kushindwa kesi, na mama mkwe. Shangazi alipanda mwisho, maana alikuwa anawafungia wengine milango. Pale alipopaswa kukaa palikuwa na zulia tu.

"Kijitabu kinasema nane," alisema mke wake. Alikuwa mwalimu wa hesabu na hakuna nambari aliyowahi kuisamehe. "Hapa kuna saba."

Muuzaji akachungulia. Akasema ni kweli, kiwandani vinatoka vinane, ila jeupe lina tabia yake: linatoa kiti kwa kila mtu ambaye dereva anamhesabu. Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza ulaji wa mafuta.

Mwalimu akamwomba mume wake ashuke kidogo, akakalia yeye usukani. Nyuma ukasikika mlio kama wa droo inayofunguliwa, na kiti cha nane kikainuka kutoka kwenye zulia, kamili na mkanda wake.

"Kwangu nane," alisema, akashuka. Kiti nacho kikashuka.

Mama mkwe akasema, bila kumlenga mtu, kwamba yeye anashukuru, kiti chake ni kipana. Mpima macho alikuwa akimhesabu mama mkwe kwa hofu tu, lakini hofu nayo ni hesabu.

Alitaka kusema kwamba gari lina hitilafu. Shangazi hakumpa nafasi. Alikuwa ameshazunguka nyuma, ameingia kwenye buti na kukaa juu ya sanduku la vifaa, magoti pamoja, mkoba mapajani.

"Twendeni, jua linapanda," alisema. "Mimi hapa pananitosha."

Lilikuwa neno lake la siku zote. Wazazi wao walipokufa, yeye akiwa na miaka kumi na sita na mdogo wake tisa, aliacha shule ili mdogo wake asiache, akasema darasa alilofika linamtosha. Alishona mashuka na mapazia ya watu miaka ishirini, ada ikalipwa, mpima macho akawa mpima macho. Macho ya Shangazi yalipochoka kwa uzi mweusi, ndugu yake alimletea kutoka dukani kwake miwani ambayo mteja mmoja aliagiza na hakurudi kuichukua. Kumpima alipanga kumpima, wiki hiyo hiyo. Ilikuwa miaka sita iliyopita. Shangazi aliivaa, akapapasa ukuta kidogo, akasema inamtosha.

Walizunguka mji na jeupe hadi saa sita. Kila taa nyekundu mpima macho alijaribu kumhesabu dada yake. Alifumba macho, akakaza meno, akasema moyoni: dada, dada, dada. Kwenye taa ya tatu aliona kwenye kioo zulia limeanza kuvimba, kiasi cha ngumi. Akawaza jinsi itakavyopendeza kiti kikitokea sasa hivi, wote wakimwona. Uvimbe ukashuka.

"Baba," alisema Wakili, "kwa nini mama asiwe ndiye anaendesha? Kwake Shangazi ana kiti."

Alimjibu kwamba jambo hilo litafikiriwa, maana yake halitafikiriwa. Hajawahi kuona baba wa nyumba akipanda gari lake mwenyewe kama abiria, na hakutaka kuwa wa kwanza kujiona.

Alasiri alikwenda peke yake kurudisha jeupe na kuchukua jeusi. Muuzaji alimkabidhi funguo, akamweleza kwamba wale wa jeusi, baada ya kuona wenzao wameleta viti vya kuhesabu, nao walijibu kivyao. Gari lao linatoa kiti kwa kila mtu anayemhesabu dereva kuwa wake.

"Mmoja akileta hivi, mwenzake analeta vile," alisema. "Ndiyo biashara."

Mpima macho alipumua. Kwa mpango huo Shangazi hawezi kukosa. Akakaa, akatazama kwenye kioo, akahesabu. Cha Shangazi kilikuwapo, kizuri kuliko vyote. Cha mama mkwe pia kilikuwapo, jambo lililompa faraja ndogo asiyoitegemea. Nane. Kisha akaona kwamba kona ya nyuma, dirishani, kuna cha tisa. Kilikuwa kidogo, kimeinuliwa, na mkanda wake ulipita usawa wa kifua cha mtoto wa miaka minne. Juu yake kulikuwa na chembe za biskuti na kibanio cha nywele cha rangi ya njano.

Kibanio alikijua. Alikinunua mwenyewe, siku ya Alhamisi. Kila Alhamisi alikwenda kwenye tawi la pili la duka lake, katika mji wa jirani, na kila Alhamisi baada ya kufunga alipita kwenye nyumba moja yenye mlango wa bluu, ambako msichana mdogo alimrukia shingoni na kumwita baba. Mama wa msichana aliacha kumhesabu zamani, kwa hiyo hakupewa kiti. Gari lilitenda haki.

Akakitia kibanio mfukoni. Alipogeuka, kingine kilikuwa pale pale. Akakitia na hicho. Cha tatu kilipotokea alitandaza blanketi juu ya kiti, akaweka na madumu mawili matupu, akaendesha hadi nyumbani polepole kama mtu aliyebeba mayai. Aliegesha gari mgongo ukigusa ukuta. Wakati wa chakula aliinuka mara tatu kwenda kulichungulia. Mke wake alipouliza kama anaumwa, alisema ni joto.

Jumapili asubuhi wote walipanda. Hawakuwa wametoka hata getini.

"Kuna kiti kimefichwa huku," alisema kitindamimba.

Mwalimu akageuza shingo. Midomo yake ilikuwa inacheza, na mpima macho alijua inafanya nini. Alishika usukani kama mtu anayening'inia ukingoni mwa ghorofa. Moja, mbili, tatu.

Ndipo Shangazi alipoyashusha madumu, akalivuta blanketi, na kwa mkono huo huo akafagia chembe za biskuti na kufumba kiganja juu ya kibanio. Akajikunja kwenye kile kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu. Kwenye kiti chake kizuri akaweka mkoba, kikapu na madumu.

"Hiki changu," alisema. "Mgongo wangu siku hizi unapenda mahali pa kubana."

"Tisa," alisema mwalimu taratibu. "Kijitabu kinasema nane."

"Ofa," alisema mpima macho. "Wameongeza kimoja. Ni ofa."

"Ofa," alirudia mke wake, kwa sauti anayowapa wanafunzi walioleta jibu bila kuonyesha njia. Akageuka mbele, akafunga mkanda. Safari nzima aliangalia barabara.

Waliporudi saa kumi na moja jioni, Shangazi aliwatuma watoto ndani na mabaki ya vitafunio. Alishindwa kunyooka mara moja, ikabidi ajishikilie kwenye mlango wa gari. Mpima macho alibaki naye, akijifanya anakagua taa.

"Ana miaka mingapi?"

Hakuuliza nani. "Minne."

"Amekuchukua nini?"

"Masikio."

"Maskini ya Mungu," alisema Shangazi. Akafungua kiganja, akamrudishia kibanio. "Haya, mtaalamu. Ya kwanza au ya pili?"

Alisema hajui. Alisema jeupe linamwaibisha mbele ya dada yake, na jeusi litamvunjia nyumba. Na mwalimu hajamaliza kuhesabu, anamjua, atahesabu hata usingizini. Alisema labda wangoje magari mengine. Aliongea haraka, akikisugua kibanio kwa kidole gumba kama anayetaka kukifuta rangi.

"Nunua jeupe," alisema dada yake. "Kigoda ninacho."

"Dada, lakini watu watasema."

"Watu wameshasema wakachoka. Mimi nimezoea, mdogo wangu. Mkeo ndiye hajazoea."

Kulikuwa na maneno ya kusema hapo. Mpima macho aliyajua yote, yalipanga mstari kooni mwake kama wagonjwa wa asubuhi. Lililotoka ni moja.

"Asante," alisema, na akasikia mabega yake yakiwa mepesi kwa mara ya kwanza tangu jana.

Shangazi alivua miwani ya yule mteja asiyerudi, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akapapasa ngazi kwa mguu, akaingia ndani.

Jumatatu alisaini karatasi za jeupe. Mke wake alipomuuliza kilichomvutia, alisema breki. Mwalimu akasema ni kweli, breki ni muhimu kwa mtu anayekwenda mbali. Mpima macho alilitafuna neno hilo wiki nzima.

Kigoda kiliingia kwenye buti siku hiyo hiyo, na gari likakizoea. Watoto pia. Jumapili ya kwanza walikwenda kwenye bustani ya nje ya mji, ambako mlinzi wa geti huandika idadi ya watu kabla ya kuinua mti wa kuzuia magari.

"Wangapi, mzee?"

"Saba," alisema mpima macho. Lilimtoka lenyewe.

"Nane," alisema kitindamimba. "Baba, tuko nane."

Sauti ikatoka kwenye buti, tulivu, ya mtu anayerekebisha mshono.

"Saba, mwanangu. Baba yako anajua kuhesabu."

Mlinzi akaandika saba, akainua mti.

Alhamisi mpima macho alikwenda tawi la pili, na baada ya kufunga akapita kwenye mlango wa bluu kumchukua msichana amzungushe kidogo na gari jipya. Msichana alipanda mwenyewe, akakagua safu ya kati, akakagua ya nyuma, akagusa kila kiti. Mpima macho alimtazama kwenye kioo. Viti vilikuwa saba, vya watu saba wale wale, na zulia lilikuwa limelala tambarare. Msichana hakulalamika. Akapita hadi kwenye buti, akakalia kigoda, akatoa biskuti mfukoni.

Ijumaa asubuhi Shangazi alifungua buti kuweka mboga. Akaziona chembe. Akazifuta kwa pindo la gauni.

Jumapili iliyofuata, kabla hawajaondoka, alitoka na kitu alichokishona siku mbili nzima, akibahatisha uzi kwenye tundu la sindano. Kilikuwa mto wa kigoda, wa kitambaa cha njano, wenye kamba nne za kufungia miguuni. Mishono ilipinda kidogo upande mmoja, lakini ilikaza. Mama mkwe alisema ni mzuri, ila mdogo mno, robo tatu ya Shangazi itabaki nje.

"Unanitosha," alisema Shangazi, akaufunga.

Mwalimu aliutazama mto, akamtazama wifi yake, kisha akaurudia mto. Midomo yake ikaanza kucheza. Mpima macho akawasha gari.