Neno Lililobaki Kinywani mwa Eli

Kiharusi kilipompata mzee Eli Hannaford kilimwachia mguu mmoja mzima, mkono mmoja mzima na neno moja. Neno lenyewe ni "kob". Mengine yote, hata jina la binti yake Thirza aliyekuwa akimlisha na kumvisha, yalikwenda na maji.

Kijijini hawakushangaa sana. Upande ule wa Devon, kwenye udongo mwekundu, Eli alijulikana kama fundi wa kob, yaani kuta za udongo uliochanganywa na mabua ya ngano, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukashikana. Hata nyumba waliyokaa aliikanyaga mwenyewe. "Limebaki lile alilokuwa akilitaja kutwa," watu walisema, wakamwonea huruma, halafu wakaacha kumsemesha.

Thirza hakuacha. Alikaa naye akamtazama. Neno fupi kuliko kikohozi, lakini Waingereza wamelitwika mizigo kama punda. Kob ni ukuta, sawa. Kob ni mkate wa mviringo pia. Kob ni bata maji dume, kama yule aliyejifanya bwana wa bwawa la kinu cha maji cha kusagia. Ni farasi mfupi mnene, ni kokwa zinazookotwa vichakani majani yakianza kupukutika, ni bonge la makaa, na wazee wa zamani sana walimwita hivyo hata buibui. Basi Thirza akajifunza. Kob ya polepole, macho kabatini, ni mkate. Kob yenye kicheko puani, yule bata anamfukuza mtu tena. Kob inayoshuka kama gunia linavyotuliwa, mguu unauma. Na ile ya asubuhi, fupi, laini, akifungwa vifungo vya shati, hiyo Thirza hakuwahi kumtafsiria mtu.

Siku moja alimuuliza kasisi neno hilo lilitoka wapi. Kasisi akafunua kitabu kinene, akasoma, akakuna shingo.

"Kitabu chenyewe hakijui, Thirza. Kinabahatisha. Huenda zamani lilimaanisha kitu kilichovimba na kujaa. Au kichwa. Au ni maneno mawili matatu yaliyokutana njiani yakafanana sura."

"Kumbe hata nyinyi hamjui?"

"Hata sisi, mwanangu."

Thirza alirudi nyumbani moyo mwepesi. Kama ni hivyo, alijiambia, huenda baba hakupoteza maneno. Yamerudi tu kuwa donge moja, kama yalivyokuwa kabla watu hawajayakatakata.

Lakini kaka yake Reuben hakuwa mtu wa madonge. Alifika Jumamosi na gari kutoka Plymouth, anakofanya kazi kwenye karakana ya meli, akashusha mfuko wa saruji. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeliwa na mvua za majira ya baridi, na yeye alitaka kuuziba upesi.

"Makao ya wazee yamepata kitanda," alisema hata kabla ya kuvua kofia. "Jumatatu nampeleka. Na nyumba nimeipatia mnunuzi."

Thirza alikuwa na birika mkononi. Aliliweka chini. "Hukumuuliza."

"Nimuulize nini, na yeye anijibu nini?"

Mzee, kitini pake, alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi usoni. "Kob," alisema.

"Anasema umekonda," Thirza akasema.

"Nimekonda! Yote hayo kwa neno moja? We Thirza, ungefuga kasuku ungesema anahubiri."

"Kasuku hamtazami mtu viatu kwanza."

Reuben alicheka, halafu akaacha. Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Mdogo wangu, mimi sikulaumu. Unajisemesha mwenyewe. Unamtia maneno mdomoni kwa sababu nyumba imekuwa kimya. Baba alishaondoka siku nyingi, na wewe umebaki unamfulia nguo."

 Neno hilo lilimchoma Thirza kwa sababu hata yeye zilikuwapo siku alizojiuliza hivyohivyo. Ameelewa, au amebahatisha? Shahidi hakuwapo. Kama hakuna mwingine anayesikia, utajuaje kwamba na wewe unasikia?

Walitoka nje kuutazama ukuta. Kando yake Thirza alikuwa amelimbikiza udongo mwekundu, akaulowesha, na mabua tayari pembeni. Wa kukanyaga naye tu ndiye aliyekosekana.

"Yote hayo ya nini?" Reuben akauliza, akipasua mfuko wa saruji.

Hapo wakasikia mkongojo. Mzee Eli alikuwa amewafuata. Aliketi juu ya gogo, akahangaika na kiatu mpaka kikatoka, na cha pili, akaingia kwenye tope pekupeku. Kisha akanyoosha mkono wake mzima. Kob hukanyagwa na watu wawili, mkono kwa mkono, mmoja akiteleza mwenzake amshike. Thirza alishapiga hatua, lakini mkono ulimpita. Ulimwelekea Reuben.

"Kob," alisema mzee.

Reuben alimgeukia dada yake. "Haya, mkalimani. Anasemaje?"

Thirza aliutazama ule mkono. "Sijui. Hakuniambia mimi."

"Ataanguka huyu!"

"Basi mshike."

Reuben alisonya, akavua viatu vyake vya mjini, akakunja soksi vizuri akazitia ndani ya viatu, akapandisha suruali. Tope lilipomshika vifundoni alitoa sauti ya mtoto aliyetiwa maji baridi. Wakaanza kuzunguka. Mzee alipiga mguu mzima, akauburuta mwingine. Reuben alikwenda mbio, akitaka kumaliza. "Kob!" mzee alimkaripia, akamvuta mkono, na Reuben akapunguza. Thirza alitupia mabua, akajitahidi asiwaangalie sana. Mzunguko baada ya mzunguko, miguu ya wale wawili ikaanza kushuka pamoja.

"Kob?" mzee aliuliza.

"Bado, Baba. Hapa pana mawe, chini ya kisigino ch..."

Reuben akasimama. Jasho lilikuwa likimtiririka na hakulifuta.

"Ameniuliza," alisema. "Thirza. Ameniuliza kama udongo umelainika."

"Nimesikia."

"Umesikia hivyohivyo? Kwamba umelainika?"

"Hivyohivyo, Kaka."

Mzee alimtikisa mkono, maana kazi ilikuwa haijaisha, wakaendelea.

Walipandisha tabaka moja la udongo ukutani kwa uma wa shambani, mzee akiwasimamia kwa mkongojo na kob za kila namna. Mfuko wa saruji ulibaki palepale umepasuka, ukinywa unyevu wa nyasi.

"Na Jumatatu?" Thirza aliuliza hatimaye. 

"Nitawapigia simu. Kitanda wampe mwingine." Reuben hakumtazama. "Ukuta mbichi nani atanunua? Likikauka tabaka hili nakuja tupandishe la pili. Usikanyage na mtu mwingine."

Thirza alileta beseni la maji ya moto na kitambaa, akapiga magoti mbele ya baba yake. Reuben alimgusa bega, akakichukua kitambaa, akapiga magoti mahali pake. Alimwosha mzee miguu taratibu, kidole kwa kidole, huku akimpa habari za karakana, za meli iliyoletwa na kutu tupu, za msimamizi mwenye mdomo mchafu. Na kila alipomaliza habari moja alinyamaza kidogo, uso juu, akamwachia baba yake nafasi ya kujibu.