Magunia ya Winchi

Gunia la kwanza lililetwa asubuhi, dada mtu akiwa anapiga pasi bukta za timu ya shule na Winchi amejikunja chooni, tumbo linamwendesha. Wapagazi wawili walipanda nalo ngazi mpaka ghorofa ya juu, wakabisha hodi kistaarabu, wakauliza kama hapa ndipo anapokaa yule jamaa aliyeacha kazi kwenye ghala la saruji. Dada akasema ndipo. Wakamtaka mwenyewe.

Winchi akatoka amejitanda shuka, kamasi zinamchuruzika, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa.

"Onyesha ulimi," mpagazi mmoja akasema.

Akauonyesha bila kuuliza. Pale ghalani hakuna aliyegusa mfuko wa saruji kabla hajapita dirishani kuchukua glavu na kidonge cha mgongo, kisha akapanua kinywa mbele ya nyapara kuthibitisha kwamba amemeza. Kidonge kilikuwa kinaacha utando mweupe. Mwenye ulimi mweupe aliingia kazini, mwenye ulimi mwekundu alirudi kwa mkewe.

"Safi," mpagazi akasema. "Basi hili ni lako. Maumivu ya mgongo, yale ambayo hukuyasikia ulipoanza kazi. Mengine yapo stoo, tutakuwa tunaleta kidogo kidogo."

Wakalitua sebuleni, wakaomba maji ya kunywa, wakashukuru, wakaenda zao.

Lilikuwa gunia la kawaida, limeshonwa mdomo kwa uzi wa katani, na ubavuni limeandikwa WINCHI kwa rangi nyeusi. Kilicholitofautisha na magunia mengine ni kwamba lilikuwa linapumua. Dada alijaribu kulisukuma kwa mguu apate kupita. Halikutikisika, akalizunguka, akarudi kwenye pasi yake.

Winchi aliogopa. Alikuwa na mwenzake kazini waliyemwita Babu Kilo. Babu Kilo aliviacha vidonge kimyakimya, hakumwambia mtu, akajifungia ndani apumzike mpaka arosto, ile homa ya kukosa dawa, imwishe. Walimkuta kitandani, magunia yake yamemlalia. Nyapara alitoa rambirambi, akakumbusha kwamba glavu za marehemu ni mali ya ghala.

Dada hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mwalimu wa michezo, na filimbi haikumtoka shingoni hata jikoni. Alimkokota mdogo wake mpaka kliniki, na daktari akawaambia kwamba vidonge vile ni ndugu wa afyuni, haviachwi kwa ubishi wa kifua mbele. Akamwandikia dawa ya kumshusha taratibu, akataka amwone kila siku.

"Na gunia?" dada akauliza.

Daktari hakuinua hata macho. Alikwisha kuyaona mengi. "Alibebe. Likilowa jasho lake, linapungua. Asipolibeba, linamsogelea. Ila asibebe bila dawa, na asibebe peke yake."

Winchi akameza dawa, kisha akautoa ulimi nje. Daktari akautazama, akasema anywe maji mengi.

Wakaanza na ngazi. Siku ya kwanza Winchi aliliburuta gunia mpaka ngazi zilipokata kona, akaketi akalia kama mtoto.

"Lia, lakini shuka," dada akasema, akapuliza filimbi.

Baada ya ngazi ukaja uwanja wa shule. Winchi aliuzunguka gunia likiwa begani, likimpumulia sikioni, na wanafunzi wakamwachia njia ya pembeni kwa sababu ndiye aliyekuwa polepole. Jasho lilipomtiririka, gunia nalo likalowa, likapungua, likabaki kitambaa. Yale matupu dada aliyakung'uta akayaweka kwenye kabati la vifaa, yakatumika kwa mbio za magunia. Usingizi ukaanza kumrudia Winchi, na siku moja akajikuta anaomba aongezewe chakula, kitu ambacho dada alikipokea kwa kujifanya hakusikia.

Lakini hofu haikuondoka. Kila hodi ilimtoa roho. Na akijilaza tu kwenye kochi mchana, gunia lililokuwa mlangoni alilikuta limefika kwenye meza.

Halafu likaletwa lile kubwa. Dada alikuwa ameondoka na timu yake kwenda kucheza shule ya mbali, angerudi uwanjani alasiri. Wapagazi walikuwa wanne, na jasho linawatoka.

"Hili ni la siku ile mlundo wa saruji ulipokuangukia," wakamwambia. "Ulipewa vidonge viwili, ukamaliza zamu. Nyapara alikusifu, unakumbuka?"

Aliikumbuka sifa. Mlundo hakuukumbuka hata kidogo. Siku hiyo ndipo wenzake ghalani walipompa jina la Winchi, kama mashine ya kunyanyulia mizigo.

Walipoondoka, gunia likaanza kusogea. Lilisogea taratibu, linakwaruza sakafu, linapumua kwa mkoromo. Winchi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akapanda juu ya kochi, akaita dada, huku anajua wazi kwamba dada hayupo.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Kaptura, mpakiaji mwenzake, amekuja kumjulia hali akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Winchi bwana! Umekonda!" Akaliona gunia. "Ndilo hilo linakupandisha juu ya kochi? Ndugu yangu, unajitesa bure." Akatoa kidonge mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi. "Kimoja tu. Ulimi ukiwa mweupe watalirudisha stoo. Mimi hapa sijaletewa hata moja maishani mwangu."

Winchi akakipokea. Akakiweka juu ya ulimi, na gunia likasimama palepale, kimya, kama mtu anayesikiliza. Utulivu ule ulikuwa mtamu mno. Alikuwa karibu kumeza alipouona mkono wa Kaptura. Kidole cha kati kilikuwa kimevunjika, kinaning'inia kwa ngozi, mfupa uko nje, na Kaptura alikuwa amekitumia kupigia hodi.

"Kidole hicho," Winchi akasema kwa shida.

Kaptura akakiangalia. "Ahaa. Kumbe. Labda jana."

Winchi akakimbilia kwenye sinki akatema, akasukutua, akatema tena. Gunia lilimwogopesha, lakini kile kidole kilimwogopesha zaidi. Daktari alikuwa amesema asibebe peke yake, na alasiri ile dada alikuwa amekwisha kurudi uwanjani na timu yake, kwa hiyo ilimbidi alifikishe huko. Akapiga magoti kama alivyofundishwa, akalikumbatia, akainuka nalo. Mlundo mzima ukamwangukia mgongoni, kwa mara ya kwanza. Akapiga kelele ngazi zote, na majirani wakafungua milango kumpisha.

Njia ya uwanjani inapita mbele ya ghala. Geti lilikuwa wazi, zamu ya alasiri inaingia, wapakiaji wamepanga mstari, vinywa wazi. Nyuma yao, yakiegemea ukuta wote, yalikuwepo magunia yaliyoandikwa majina yao. Ya Kaptura yalifika kwenye mbao za paa. Yalikuwa yanapumua kwa pamoja, na mabati yalikuwa yanainuka na kushuka. Kaptura mwenyewe, aliyemtangulia kurudi kazini, alikuwa anapanga jipya juu kabisa, anapiga mluzi.

"Winchi!" Nyapara akamchangamkia. "Afya hiyo! Ukitaka kurudi, dirisha unalijua. Hebu sogea kidogo, lori litoke."

Winchi akasogea. Pale dirishani alisimama mwajiriwa mpya, mtu mzima, mkoba wa chakula begani. Alikuwa amemeza, hajui kinachofuata, na nyapara akaenda kumwelekeza kwa kuutoa ulimi wake mwenyewe, mwekundu kama nyama mbichi.

"Usimeze!" Winchi akapiga kelele, kumbe amechelewa. "We ndugu, usimeze!"

Yule mpya akampungia mkono uliokwisha kuvaa glavu. Kando yake, kwenye ukuta, palisimamishwa gunia lisilo na jina, mdomo haujashonwa, tupu. Likavuta pumzi ya kwanza.

Kutoka uwanjani filimbi ya dada ikalia. Winchi akalihamishia lake bega la pili, akaenda.