Kibaraza cha Ghorofa ya Pili

Ofisi ya maji nzima ilimwita Sauti, kwa kuwa ndiye aliyepokea simu, na wateja wengi walimjua kwa hiyo sauti tu. Hakuwa akiona tangu utotoni. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa chumba kilekile cha ghorofa ya pili, na jengo alilijua kama kiganja chake: hatua ishirini na sita kutoka lifti hadi kitini, tisa kutoka hapo hadi masjala, thelathini hadi msalani. Mgeni aliyemwona akitembea humo asingejua kuwa haoni.

Asubuhi moja alikuja mbunifu wa ramani, mwanamke mwenye kuongea harakaharaka, akaweka mezani kitu mfano wa sinia.

"Dada, nikosoe bila huruma," alisema. "Kitafungwa mlangoni, kwa wageni wasioona. Gusa."

Sauti akagusa. Kuta zilikuwa zimeinuka kama mishipa ya mkono, milango ni mapengo, ngazi ni vimistari. Kila alipobonyeza, kibao kilisema: "Lifti." "Masjala." Mbunifu alieleza kuwa mashine imekichapa kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, na ndani mna nyaya zinazojua kidole kimefika wapi.

"Ngazi ni kumi na nne, umeweka kumi na tatu," Sauti akasema. "Na mlango wa msalani unafungukia ndani."

Mbunifu akaandika. Kidole kikaendelea, kikapita masjala, kikaangukia kichumba chembamba.

"Kibaraza," kibao kikasema. "Viti kumi na viwili."

"Hapo umechemsha. Nyuma ya masjala hakuna kitu."

"Nimepima mwenyewe jana, dada. Niliwakuta wafanyakazi wanakunywa chai, wanavunjika mbavu. Karani wa masjala ndiye aliyenipa kiti."

Karani wa masjala ndiye aliyemletea chai kila siku saa nne, akamshikisha kikombe, akasema, "Kunywa, mwenzangu," kisha akaaga kwamba mafaili yanamsubiri.

Siku hiyo pia alikuja.

"Leo nitanywea kibarazani," Sauti akamwambia.

Karani akauliza, "Nani kakwambia?"

"Ramani."

"Usinielewe vibaya. Mwanzoni tuliogopa utajikwaa, pale pana kizingiti. Siku zikapita, ikawa aibu kukwambia."

"Miaka kumi na mmoja?"

Karani akashusha pumzi. "Halafu wewe unapokea simu za bosi. Watu walisema ukiwepo hawatapumua."

Hilo la mwisho Sauti aliliamini zaidi. Hakupandisha sauti. Akainuka, akachukua kikombe chake, akahesabu hatua tisa, akapita kati ya makabati ya mafaili, akavuka kizingiti kwa uangalifu. Upepo ukampiga usoni. Mazungumzo yakakatika ghafla, hadi kijiko kilichokuwa kikikoroga kikaacha.

"Endeleeni," alisema. "Bosi nikiwa naye simuni huwa anasinzia. Sina la kumpelekea."

Dereva wa ofisi ndiye aliyecheka kwanza. Akamvutia kiti, akamsimulia upya kisa alichokuwa nacho mdomoni, safari hii akimweleza na sura za watu: nani alinuna, nani alishika kiuno. Wengine walirudi kazini mapema kuliko kawaida.

Mwezi uliofuata kibao kilifungwa mlangoni, ngazi zikiwa kumi na nne. Sauti alikwenda kibarazani siku alizotaka, na siku nyingine hakwenda. Karani hakuacha kumwita mwenzangu, naye hakuacha kuitika. Ila nyumbani, dada yake alipomuuliza ana rafiki gani ofisini siku hizi, alimtaja dereva.