Mlango wa Pili wa Nyumba ya Figo

Mwenyekiti wa kamati ya nyumba ya figo pale Mulyapirri alikuwa Lorna Nangala, na fundi mkuu alikuwa Clifton Jakamarra, mume wa binti yake. Kwetu jangwani mtu na mama mkwe wake hawasemeshani, hawatazamani, wala hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima yenyewe. Sasa hebu wape hao wawili nyumba moja waijenge, huku mmoja akiona kofia ya mwenzake anageuza njia! Kila neno lilipitia kwa Rosalie, binti wa mmoja na mke wa mwingine, mpaka akasema ataanza kudai mshahara wa redio.

Lakini shida yenyewe haikuwa ya mzaha. Figo za Lorna zilikuwa zimechoka, na mashine za kusafisha damu zilikuwa mjini tu, mwendo wa kutwa kwa gari. Alikuwa akiishi huko hosteli miaka sasa, kila baada ya siku mbili akilazwa kitini na kuunganishwa mipira ya mashine. Wenzake waliokwenda naye walirudishwa nyumbani ndani ya majeneza. Lorna hakutaka kurudi hivyo. Alitaka kurudi akiwa hai, ale mkia wa kangaruu uliookwa kwenye majivu, na agombane na kaka yake kila asubuhi kama zamani.

Wakubwa wa mjini walikuwa wameahidi na kuahidi mpaka ahadi zikaota kutu. Ndipo watu wa Mulyapirri wakasema basi, tutafanya wenyewe. Wakaunda kamati yao, wakatafuta mashine, vijana wao wakafundishwa ufundi, na kuta zikapanda. Kilichobaki ni mkaguzi wa afya kuikubali nyumba. Mkaguzi akaja, akazunguka, akaikataa.

Rosalie ndiye aliyepiga simu hosteli.

"Mama, nyumba imekataliwa."

"Imekataliwa kwa lipi?"

"Haifanani na ramani waliyotupa. Ina mlango wa pili, kule nyuma. Na madirisha yako chini mno."

"Nani kamwambia atoboe mlango wa pili?"

"Mimi usiniulize, mama. Mimi redio tu."

"Basi redio imwambie mumewe auzibe kesho! Na madirisha ayapandishe! Mimi nataka kurudi kwetu, Rosalie!"

Lorna akasikia minong'ono, kisha binti yake akarudi kwenye simu. "Anasema, kwa heshima zote, hazibi."

Lorna alikasirika sana. Angekuwa mwanawe wa kumzaa angempasha mpaka masikio yamuwake moto. Lakini mkwe? Mkwe unamkasirikia moyoni, unameza, unakaa kimya. Usiku ule alimeza sana.

Wiki ile ile, jioni alipotoka kwenye mashine, alidandia gari la vifaa, asubuhi akawa Mulyapirri. Watu walikusanyika chini ya kibanda cha kivuli mbele ya nyumba mpya, kumsikiliza mkaguzi aliyekuwa amerudi. Clifton alikuwa nyuma ya tangi la maji, amekaa chini, amewapa watu mgongo. Rosalie alisimama katikati, mkono kiunoni.

"Fundi yuko wapi?" akauliza mkaguzi, Bwana Penrose, mtu mpole mwenye pua iliyobabuka kwa jua.

"Nyuma ya tangi," akasema Cecil Jangala, kaka yake Lorna.

"Kwa nini asije tukae mezani?"

"Akija yeye, dada yangu anaondoka. Chagua unayemtaka."

Watu wakacheka. Bwana Penrose naye akacheka kidogo, kisha akamgeukia Lorna. Akamweleza bila kuzunguka. Kama mwenyekiti ataahidi leo kwamba mlango utazibwa na madirisha yatapandishwa, yeye atatia sahihi na Lorna atarudi nyumbani mwezi ule ule. Wakibisha, itabidi ichorwe ramani mpya, ipitishwe mjini, na kwa anavyoijua ofisi yao, majira yote ya joto yatapita bado wanangoja.

Mwezi ule ule! Lorna aliwaona wajukuu zake wakifukuzana na mbwa pembeni ya uzio. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wake.

"Rosalie," ikaja sauti kutoka nyuma ya tangi. Clifton alikuwa akizungumza na mkewe, ila kwa namna ambayo hata viziwi wangesikia. "Waambie wenye nyumba. Zahanati yetu ile ya zamani ina mlango mmoja. Ule mwaka niliougua nilikwenda pale kifua kimenibana. Nikachungulia ndani, nikamwona mtu ambaye si halali yangu kumwona. Nikageuka nikarudi kulala. Hapa, aliye mbele hatamzuia anayeingilia nyuma."

Mwaka ule waliukumbuka wote. Ndege ilikuja kumbeba Clifton akiwa hajitambui, na watu walikuwa wameshaanza kulia. Walimsema kwamba ni mzembe, kwa nini hakwenda zahanati mapema? Hakuwahi kumjibu mtu. Na Lorna sasa akajiona mwenyewe, siku ile, kabla hajahamia mjini, amekaa kwenye benchi la zahanati na mguu wake uliovimba, anapiga soga na nesi, hana habari ya aliyesimama mlangoni.

Alijisikia vibaya sana. Miaka yote hiyo kijana alikubali kuitwa mzembe kuliko kumtaja.

"Na madirisha je?" akauliza Cecil. "Umejengea panya?"

"Mgonjwa hakai mle amesimama, mzee. Analala. Nilitandika godoro langu mle ndani nikajilaza, nikaona dari tupu. Nikayashusha mpaka nikakiona kilima."

Lorna akatazama chini. Hakuna aliyejua jinsi alivyoichukia ile dari ya mjini. Ilikuwa nyeupe, haina hata ufa wa kumpumzisha mtu macho, naye aliitazama saa nzima nzima akijaribu kukumbuka nyumbani kukoje.

"Bwana Penrose," akasema, "mlango hauzibwi. Madirisha hayapandi."

"Una hakika, mama? Utakuwa mjini majira yote ya joto."

"Nitakuwa mjini. Nyumba hii tumeijenga ili tuingie sote. Ukiuziba mlango ule nitapona mimi, halafu mkwe wangu akiugua atafia nje ya ukuta alioujenga mwenyewe. Nyumba gani hiyo? Zenu za namna hiyo tunazo tele."

"Dada," akasema Cecil, "umemsema mkwe wako kwa sauti, na mbwa wamesikia."

"Wasikie."

Bwana Penrose alifunga mkoba wake. Akasema kama ni hivyo, fundi achore alivyojenga, naye ataibeba ile ramani mwenyewe kutoka ofisi hadi ofisi. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameanza kuelewa, akaenda akaliaga tangi la maji kwa adabu zote.

Lorna alishika njia ya kurudi mjini jioni ile ile. Lile joto lilikuwa refu na baya. Zipo siku alizojuta, akajiita mpumbavu, akalia chini ya ile dari. Lakini alipokuwa akimpigia Rosalie simu hakuuliza hata mara moja kama mlango bado upo.

Ruhusa ilitoka mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha. Akarudi kwa gari lile lile la vifaa, akaingia kwa mlango wa mbele, akalala kitini. Nesi akaunganisha mipira, mashine ikaanza kunguruma. Lorna akageuza kichwa. Kilima kilikuwa pale, chekundu, kimeota majani mabichi miguuni.

Nje, upande wa mlango wa pili, mtu alikuwa akigongelea misumari.

"Nesi," akasema Lorna kwa sauti ya kuamsha kijiji, "aliyeyashusha madirisha haya, mama mkwe wake ana bahati."

Nyundo ikanyamaza. Kikasikika kishindo, kisha mguno wa maumivu, kisha Rosalie akatokea mlangoni akiwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Mama, umemwangushia mume wangu nyundo mguuni!"

"Mwambie aende kwa nesi."

"Nesi si yuko na wewe humu!"

"Basi azunguke, mlango si anao?"

Lorna akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na nesi akamshika mkono akimwomba atulie, mipira isije ikachomoka.