Risasi Laini

Nyumbani kwetu anayejaza risasi ni mimi, na nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Wake wengine wa bonde letu hufuma soksi. Mimi hushuka chumba cha chini, nikawasha taa ya mezani na kutia baruti kwenye maganda matupu, moja baada ya jingine, kwa sababu macho ya mume wangu Orrin yaliharibika mapema, na yangu bado yanaona hata yasiyonihusu.

Kwa hiyo Agosti ile alipoingia na kitu kimefungwa kwenye taulo, akakiweka mezani karibu na bakuli la viazi, nilijua nimeletewa kazi. Akafunua.

"Bastola," akasema, kana kwamba ningedhani ni kuku.

Lakini bastola gani! Mtutu mrefu kama mkono wa mtoto, silinda ya risasi tano tu kwa sababu ya sita isingeenea, na kila risasi nene kama dole gumba langu. Na dole gumba langu si la bibi harusi. Niliiinua kwa mikono miwili. Kilo mbili na ushee.

"Hii inaangusha dubu," akasema.

"Akijikwaa juu yake, labda."

Alikuwa ameinunua kwa mtu wa mji wa jirani aliyebandika tangazo kwenye duka la malisho. Ilikuja na boksi lake la risasi ishirini. Nikahesabu, nikapata kumi na tisa. Nikamwuliza huyo muuzaji yukoje. Orrin akasema ni kijana mzuri tu, ana kovu bichi katikati ya nyusi. Kijana kapiga risasi moja, bastola imeruka ikambusu usoni, akaenda kuandika tangazo. Nilimwona ana akili kuliko sisi sote.

Najua kwa nini Orrin aliinunua. Msimu wa mawindo wa mwaka uliotangulia aliangusha elki, yule kulungu wetu mkubwa kama farasi. Akiwa anamchuna, dubu akatoka msituni akaitaka nyama. Orrin akarudi nyuma hatua kwa hatua, akamwachia. Ndivyo anavyofanya mtu mwenye akili. Bahati mbaya rafiki yake Dewey alikuwa juu ya mwamba, anamtazama kwa darubini. Tangu siku hiyo, Orrin akiingia mgahawani kunywa kahawa, alikuta mtungi wa asali mahali pake.

"Mpelekee shemeji yetu wa msituni," Dewey alimwambia. "Mwulize nyama ilikuwa tamu?"

Wiki ya kwanza Orrin alicheka. Wiki ya tatu akaanza kunywa kahawa nyumbani. Machi ilipofika alikuwa anakaa dirishani na nguo za kulalia hadi saa sita mchana, akiitazama milima kama mtu anayetazama nyumba aliyofukuzwa. Ana miaka sabini na moja. Niliogopa nitamzika kabla hajafa. Shida yangu ilikuwa hiyo, na niiseme wazi: nilitaka abaki hai, na nilitaka ajione bado mwanamume. Bastola ile ilikuja kunilazimisha nichague moja.

Jumamosi tukaenda kwenye shimo la kokoto tunakolengea makopo. Dewey akaja, na wengine watatu wakafuata, maana bastola ya namna ile huita watu kama harusi. Kila mmoja alitaka kuishika. Waliipokea kwa mikono miwili huku midomo imewalegea, kama watu waliopewa mjukuu wa kwanza. Kisha kila mmoja akapiga risasi moja, akairudisha haraka, akasema ni bastola nzuri sana, akatia mkono mfukoni.

"Ee bwana," Dewey alisema. "Nimesikia meno yangu yakipeana mikono."

"Piga nyingine basi," nikamwambia.

"Shemeji, mimi nina wajukuu wanaonihitaji."

Zamu ya Orrin. Mlio wa kitu kile hausikiki masikioni, unasikika kifuani. Mtutu ulielekea mawinguni, kofia ikaanguka, na kopo likabaki limesimama palepale likitutazama. Mwenzangu ana baridi yabisi kwenye viungo vyote vya vidole. Alipopiga ya pili nikaona anachofanya: anafumba macho kabla hajavuta triga. Ya tatu vilevile. Alipomaliza tano, ngozi iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilikuwa imechanika.

"Naanza kuizoea," akasema.

Wakati wa chakula alishika uma kwa mkono wa kushoto. Mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Kesho yake nikashuka chini. Nikachukua baruti ya aina nyingine, nyepesi, nikatia kiasi cha kumwudhi sungura. Kwa kutazama usingejua. Ganda ni lilelile, kichwa cha risasi ni kilekile. Nikalegeza na ile parafujo ya mashine inayobana mdomo wa ganda, kwa sababu risasi laini haihitaji kung'atwa sana, na kuzing'ata bure kunamaliza maganda. Nikampa boksi zima.

"Nimekujazia kama za dukani," nikamwambia. Uongo wangu wote ni huo, maneno manne.

Tukarudi shimoni. Bastola ikakohoa, ikatulia mkononi. Kopo likaruka. Orrin akautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa kitu kutoka rehani.

"Unaona, bibie? Ni mazoea tu."

"Naona, mzee wangu."

Kufika Septemba alikuwa anaangusha makopo matano kwa risasi tano, hatua ishirini, mbele ya Dewey na wenzake, ambao masikio yao yalikuwa na vizibo na hakuna hata mmoja aliyeomba kujaribu tena, mikono yao ikiwa bado inakumbuka. Mtungi wa asali ukatoweka mgahawani. Orrin akarudi kunyoa ndevu kila asubuhi, akawa anaimba bafuni, vibaya. Mzaha ule niliula peke yangu kama sukari ya kuiba.

Kisha Oktoba ikafika, na yeye na Dewey wakaanza kutayarisha matandiko ya farasi.

"Chukua na kopo la pilipili," nikamwambia. "Unalipuliza, linatoa wingu zima. Hata kipofu hakosi."

"Pilipili ni ya maharage."

"Basi bunduki iwe karibu."

"Ukichuna, bunduki unaiegemeza kwenye mti. Mwaka jana ilikuwa hatua kumi. Hatua kumi, Ardis, na dubu katikati! Hii itakuwa kiunoni." Akaipiga makofi kama farasi.

Na alikuwa na haki, hapo ndipo ubaya ulipo. Asubuhi ya safari, yeye na Dewey wakiwa nje wanapandisha farasi kwenye trela, mimi nilikuwa jikoni nakaanga nyama ya nguruwe. Nikimwambia, anarudi dirishani na nguo za kulalia. Nisipomwambia, anakwenda kwa dubu na risasi za sungura. Mimi mjanja nikaona njia ya tatu. Nikashuka mbio, nikajaza tano za kweli, baruti kamili ile ya kishindo, nikapanda nikazitia kwenye silinda mwenyewe kabla nyama haijaungua. Nyama haikuungua. Nilijisifu hata kwa hilo.

Parafujo sikuigusa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Dewey kwenye korido ya hospitali, kofia yake mikononi, anaizungusha tu. Siku ya pili Orrin aliangusha elki. Dewey akashuka kufuata farasi wa kubebea. Akiwa mbali kama mita mia tatu akasikia mlio mmoja.

"Mmoja tu, shemeji. Nikasubiri wa pili. Nikasema, mbona hapigi? Kisha nikamsikia yeye."

Alipofika, dubu alikuwa juu yake. Dewey akapiga kwa bunduki, akakosa, akapiga tena, dubu akaondoka bila haraka. Helikopta ilichukua saa mbili kufika. Mkono wa kulia wa Orrin madaktari waliukata chini ya kiwiko. Na usoni, katikati ya nyusi, alikuwa na jeraha ambalo dubu hakulifanya. Alitegemea bastola ikohoe tu, ikamrukia.

Alipoweza kuzungumza alizungumza kidogo, na yote yalikuwa hayohayo.

"Nilivuta, Ardis. Nilivuta nikavuta." Akatazama dari. "Au labda sikuvuta. Labda nilifumba macho tu."

Mjini walikwisha kuamua. Hakuna aliyemtania, walimsema kwa sauti ya chini, kwamba mzee wa watu aliganda kwa woga, alipiga moja akashindwa. Hata Dewey alisadiki hivyo, na alimpenda vilevile, na hilo Orrin aliliona machoni mwake na likamla kuliko kidonda.

"Ipeleke kwa Pruitt," akaniambia tulipomrudisha nyumbani. "Aitazame. Nataka kujua kama ni mimi."

Pruitt ndiye fundi bunduki wetu. Bastola ilikuwa kwenye mfuko kama Dewey alivyoiokota, haijaguswa. Pruitt akavaa miwani, akajaribu kuzungusha silinda. Haikuzunguka. Akaigeuza mbele, akanisogezea chini ya taa. Risasi nne zilizobaki zilikuwa zimetoa vichwa nje, kama kobe, vimegota kwenye chuma. Bastola nzito ikirudi nyuma kwa kishindo kile, inayavuta maganda na kuviacha vichwa, isipokuwa mdomo wa ganda uwe umeving'ata barabara. Mjazaji yeyote anajua hilo. Mimi nalijua kama ninavyojua mkate unataka hamira.

"Hizi kajaza nani?" Pruitt aliuliza, akitazama kaunta.

"Unajua kajaza nani."

Akajikuna shingo. "Mama, naweza kusema ni chuma kimechoka. Silinda mbovu. Hakuna atakayeuliza."

Nilifikiria jambo hilo njia nzima, kilomita kumi na nane za theluji. Lingekuwa rahisi. Lakini silinda hiyo ilizunguka vizuri miezi yote ile, naye asingesadiki. Angeendelea kujiuliza mpaka kufa.

Orrin alikuwa kwenye kiti chake. Sikuvua koti.

"Ulivuta," nikamwambia. "Ulivuta, silinda ikagoma. Mimi ndiye niliyejaza vibaya. Sikukaza."

Alifumba macho, na uso wake wote ukashuka, kama mtu aliyetua mzigo. "Kwa hiyo nilisimama."

"Ulisimama."

"Sikurudi nyuma."

"Hata hatua moja."

Ningeishia hapo. Lakini mzee ana akili, ameshika bunduki tangu ana miaka saba.

"Wewe husahau kukaza?" akauliza polepole. "Miaka yote hii? Kwa nini ilikuwa imelegea?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote: baruti nyepesi, makopo, shimo la kokoto, tangu Agosti. Alinisikiliza huku akikitazama kisiki cha mkono wake.

"Makopo yote yale?"

"Yote."

"Hata siku ile ya Dewey?"

"Hata siku ile."

Jiko likahitaji kuni, nikatia kuni. Mwishowe akasema, "Ya mkono kawaambie. Ya makopo usimwambie mtu."

Asubuhi nikaenda mgahawani nikawaambia ya mkono, nikiwa nimesimama, mbele ya Dewey na wote. Nilisema nilivyosema, sikulia. Dewey aliinuka akatoka nje, akakaa ndani ya pikapu yake na injini haijawashwa. Tangu siku hiyo hakuna anayeniletea maganda niyajaze, na mashine nimeifunika shuka.

Mkono amenisamehe, alinitamkia mwenyewe wiki ya Krismasi, bila kuulizwa. Ya makopo hatujayagusa tena. Kila asubuhi namfunga vifungo vya shati, kuanzia chini kwenda juu, naye anaitazama mikono yangu inavyofanya kazi, kifungo kwa kifungo, hadi cha mwisho, na hainui macho.