Nukta Zilizolala

Kiyoyozi kilinguruma, kikapuliza baridi ya kutetemesha meno, kisha kikanyamaza. Vidole alihesabu kimoyomoyo. Dakika nne, kama jana na kama juzi. Akasonya.

Vidole lilikuwa jina alilopewa na wenzake kazini, na lilimkaa. Alikuwa haoni tangu utotoni, na kazi yake katika maktaba ile ilikuwa kuhakiki vitabu vya nukta nundu, akipapasa mstari baada ya mstari. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na majuzuu kumi na tisa ya kamusi aliyoitoboa mwenyewe kwa mkono, miaka kumi na mmoja, nakala moja tu. Sasa karatasi zake zilikuwa zimelegea kama nguo isiyokauka, na kwa kuwa vitabu vilibanana rafuni, nukta zilianza kulala. Kila akizipapasa, zilikuwa zimezama zaidi.

Kiyoyozi kilitoka kwenye ukumbi wa mikutano uliovunjwa. Mkuu wa maktaba alikipata bure, akakileta kwa mbwembwe kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Fundi aliyeitwa kukifunga alikuwa mpwa wa Vidole, binti wa dada yake, na siku ileile alisema wazi kwamba ni kikubwa mno.

"Binti," mkuu alimjibu, "wewe umewahi kusikia mtu akilalamika kwamba ameshiba sana?"

"Kila siku, mzee. Wanaenda hospitali."

Mkuu akacheka, akatia pamba masikioni. Tangu hapo dawa yake ilikuwa moja: Vidole akilalamika unyevu, yeye anapunguza nyuzi kwenye rimoti. Wafanyakazi walivaa masweta mchana wa jua kali, na harufu ya ukungu ikazidi.

Asubuhi hiyo mpwa alikuja tena, akamshika mkuu mkono, akampeleka nje, chini ya dirisha, kwenye ndoo iliyowekwa chini ya bomba la kiyoyozi.

"Kingekuwa kinakausha hewa, ndoo hii ingejaa kutwa. Tazama, maji hayajafika hata kikombe kimoja. Kinapoza chumba haraka, kinadhani kazi imekwisha, kinazima. Maji yanabaki hewani humo humo chumbani. Niruhusu nifunge kiyoyozi kidogo, kifanye kazi taratibu bila kuzimazima."

"Kidogo? Na wageni wanakuja leo kukitazama hiki?"

"Mkuu," Vidole alisema kupitia dirishani kutoka mezani kwake, sauti ikimpanda, "kamusi inakufa!"

Mkuu akaingia, akavuta juzuu moja, akalifungua chini ya taa. "Nukta hizi hapa. Mbona naziona? Wewe mzee una wasiwasi tu." Akaenda kujifunga tai.

Vidole alitamani kumrushia kibao chake cha kutobolea. Alikuwa amefanya kazi chini ya mtu huyu miaka tisa na kila siku alijibiwa hivyo hivyo, naziona, kana kwamba vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya macho.

Wageni walifika saa nne, wakasifu baridi, wakajikunyata. Mkuu, kwa raha zake, akamwita mwanafunzi asiyeona, msichana mcheshi aliyekuwa akija kila wiki, awasomee ukurasa wa kamusi. Msichana akaweka vidole, akasoma neno na maana yake, akasoma la pili, akasoma la tatu. Kisha akakwama. Akarudi nyuma, akapapasa tena polepole.

"Endelea, mama," mkuu alimhimiza.

"Hapa hamna kitu."

"Hamna kitu vipi? Neno si hilo hapo? Mimi naliona!"

"Haya," msichana alisema bila ubaya wowote, "basi tusomee wewe."

Mkuu akainamia ukurasa, akautazama kwa karibu. Hakujua hata herufi moja ya nukta nundu. Mgeni mmoja alikohoa. Mkuu akachukua rimoti, akakizima kiyoyozi, akamgeukia fundi aliyekuwa bado amesimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hicho kidogo. Unaweza kukileta leo?"

"Kabla ya saa tisa, mzee."

Vidole hakufurahia ushindi huo. Alivuta juzuu lile mezani kwake, akaweka karatasi mpya kwenye kibao na kushika msumari wa kutobolea. Akayatoboa maneno matatu ya kwanza. Alipofika la nne akakwama, akapapasa ukurasa wa zamani pale nukta zilipolala, mara moja, mara mbili, akijaribu kukumbuka alikuwa ameandika neno gani.

Hakulikumbuka.